Banda Linalofunguka kwa Mluzi

Nyumba ya marehemu Mzee Shaaban,
Imbaba, Kairo.
Tarehe 20 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Wagdi,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Toronto? Baridi yenu imekwisha, au bado mnavaa nguo juu ya nguo kama vitunguu? Ilham na watoto hawajambo? Na goti lako je? Sisi huku tu wazima, alhamdulillah, isipokuwa sukari yangu, ambayo hupanda kila shemeji yako anapofungua mdomo.

Usishangae kupata barua ya wino. Simu yangu ni marehemu. Medhat alitazama video ya kubadilisha kioo, akaifungua juu ya meza ya kulia chakula, akaifunga, na skrubu zikabaki mkononi. Akasema hazikuwa na kazi. Tangu hapo hata simu yenyewe haina kazi.

Kwa hiyo maneno yako nimeyasoma kwenye simu ya mwanangu Karim. Umeitazama ile video ya "Fundi Medhat Arudisha Njiwa Waliopotea", ukamwandikia, "Mungu aibariki mikono yako shemeji, endelea kunitunzia njiwa wangu." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Haya, kaa na wewe, nikueleze ilivyokuwa.

Tangu astaafu ofisi ya maji, mume wangu anasomeshwa na vijana waliojivika mabakuli masikioni, wenye taa za rangi nyuma yao, ambao kila somo wanalianza kwa kumwomba abonyeze kengele. Naye hubonyeza! Mzee mzima na wajukuu wake. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Shemeji yako unamjua, ni kipara.

Mwezi uliopita akapata mwalimu mpya, Mzungu mmoja aliyetengeneza mlango wa mbwa unaojifungua kwa mluzi. Kuna kidude kinachosikia, waya, na mota ndogo. Mzungu anapiga mluzi, mlango unafunguka, mbwa anatoka. Nyumba yake iko peke yake katikati ya majani, jirani hakuna hata wa dawa. Lugha ya yule mtu Medhat haijui, lakini alikuwa akitikisa kichwa kama anasikiliza hotuba ya Ijumaa. Halafu akapanda juu kukifunga kidude hicho kwenye banda la njiwa la baba.

Juu ya paa, Wagdi! Imbaba! Ambako kila alasiri kila mwanamume mwenye njiwa amesimama juu ya paa lake na vidole mdomoni!

Nilimwambia, "Baba Karim, hapa nani hapigi mluzi?" Akanijibu, "Nagwa, haya ni mambo ya teknolojia. Wewe rudi jikoni kwenye mboga yako ya mulukhiya." Nikarudi. Mulukhiya yangu angalau huiva.

Alasiri hiyohiyo Haji Bayumi, yule wa paa linalotazamana na letu, akapiga mluzi kuwaita njiwa wake. Mlango wetu ukafunguka wote, bila kinyongo. Njiwa wa baba, kizazi cha wale aliowafuga tangu sisi hatujaota meno, wakatoka, wakachanganyika na kundi la Haji, wakatua kwake. Fundi mwenyewe alikuwa chini, anatazama somo linalofuata.

Sheria ya paa hujaisahau, natumaini. Njiwa akitua kwa mtu ni wake, na kwenda kumwomba ni fedheha ya ukoo mzima. Haji alisimama ukingoni akapaza sauti, "Medhat! Mlango wako una adabu kuliko wewe, ukiitwa unaitika!" Mtaa mzima ukaangua kicheko. Kisha akatangaza kuwa Ijumaa anawapeleka wote sokoni, wakapikwe na watu wasiowajua.

Shemeji yako aliniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamuuliza, mhunzi mwenyewe yuko wapi? Akarudi kwenye video zake, ati anatafuta somo la kurudisha njiwa.

Mimi nililia, sikufichi. Vitu vya baba viligawanywa na kuuzwa, saa yake unayo wewe. Kilichobaki chenye pumzi ni wale njiwa tu.

Unakumbuka baba alivyokuwa akikufundisha mluzi wake, ule mrefu unaoshuka mwishoni? Mimi nilikuwa pembeni naanika nguo. Wewe ulitoa mate, sauti haikutoka. Mimi hakuna aliyenifundisha, nikaujua. Na tangu baba atutoke, asubuhi ni mimi ninayewamwagia mahindi, kwa mluzi huohuo, taratibu, watu wasisikie.

Alhamisi Haji akawarusha pamoja na wake, na kwa majivuno hakuwafunga hata mbawa. Nikapanda na bakuli la mahindi. Kwanza niling'oa kile kidude na waya zake zote, nikavitupa. Kisha nikatia vidole mdomoni.

"Astaghfirullah! Mama Karim, mwanamke anapiga mluzi?" Haji akaniita.

"Haji," nikamwambia, "usinitazame mimi. Tazama juu."

Kundi lilikatika angani. Wa baba wakageuka wote, wakaja, wakatua miguuni pangu, na jike jeupe la Haji mwenyewe likiwafuata. Jioni akamtuma mkewe na sahani ya keki ya basbusa kuliomba. Basbusa nimeila. Jike liko hapa.

Na Medhat? Alikuwa ngazini na simu yake, anapiga picha! Kwenye video amenikata mimi, akabakiza njiwa wanaoshuka, kisha akajitokeza yeye anaeleza namna ya kuunganisha waya. Mluzi unaousikia mle ni wangu, kipara ni chake. Wewe, mtoto wa Mzee Shaaban, umeusikia mluzi wa baba yako ukambariki Medhat. Loo!

Sasa hilo neno lako, "njiwa wangu". Ukija kiangazi hiki usiniletee kidude wala zawadi. Panda kwa Haji Bayumi, nami nitapanda kwetu, tuwarushe. Upige mluzi wako. Wakitua kwako, wachukue. Wakitua kwangu, sheria unaijua.

Msalimie sana Ilham, na watoto wote, na shangazi Fikriya ukimpigia. Karim anakuamkia. Medhat naye anakusalimu, yuko na somo jipya la kutengeneza friji, tuombeeni. Mungu akulinde huko ugenini, alifungue goti lako, akurudishe salama kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi dada yako anayekupenda na ulimi wangu huu huu,
Nagwa

Anza kujizoeza mluzi sasa. Na usijifunze kwenye video.