Helmeti ya Dastan

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mume wangu Dastan kaja na helmeti mpya ya mradi wa usalama wa bodaboda. Usipoivaa ukafunga mkanda, pikipiki haiwaki. Ikigongwa kwa nguvu inatuma meseji yenyewe, na mahali ilipo. Fundi wa mradi, Ayebare, kauliza meseji iende namba ya nani. Ya Mackrine wangu, Dastan kasema. Nikajifanya nashona. Tangu ile ajali yake njia ya Kaisho, alipolala mtaroni mpaka saa tisa usiku bila mtu kujua, sijakata kitambaa kwa amani. Leo nimekata gauni zima.

Alhamisi, 6 Machi
Meseji: AJALI – OMURUSHAKA. Mawe, mama yangu! Nimemwacha mteja na pini mwilini, nimekimbia pekupeku. Namkuta kijiweni anatafuna ndizi ya kuchoma. Helmeti imedondoka toka juu ya gunia la maharage, basi. Kijiwe kizima kinacheka. Sikumsemesha mpaka usiku. Kasema siku nyingine nipigie kwanza – nikipokea, ujue ni mzima.

Jumanne, 11 Machi
Meseji tena. Nimepiga, kapokea. Gunia tena. Mtu mzima hasikii.

Jumamosi, 15 Machi
Nimetoka alfajiri, sare za kwaya hazijaisha. Kemilembe yuko nami dukani, mke wa Projest yule mdogo wake Dastan. Mimba ya miezi minane. Anapinda nepi.

Saa nne meseji: AJALI – NYAKAKIKA. Nimepiga, Dastan kapokea. Nikasema kwa sauti, asante Mungu, u mzima. Kemilembe kacheka: dada, mnyang'anye hiyo helmeti.

Kumbe Dastan, ananiambia, yuko kitandani, homa. Pikipiki kachukua Projest, kapeleka abiria. Na bila helmeti haiwaki.

Nimetoka nje kumpigia Projest. Mara saba, hapokei. Labda naye kaidondosha tu. Dastan kaazima pikipiki, anakwenda Nyakakika na homa yake. Kasema Kemilembe asiambiwe kitu mpaka afike.

Nilifurahi mbele ya Kemilembe. Naona aibu.

Naandika huku nyuma ya daftari la vipimo, mikono ipate kazi. Kauliza naandika nini. Nimesema vipimo vya kwaya. Kanipa nepi nitazame kama pindo limenyooka. Limenyooka, nimemwambia.

Simu yangu inaita. Iko upande wake wa meza