Nyuzi Zako Laini, Zangu za Kukwaruza

Mama yangu mpiga besi,

Jumapili iliyopita tulikuwa na ibada ya mavuno, na gitaa lako la besi lilipigwa mbele ya kanisa zima. Nililipiga mimi. Najua swali lako la kwanza lingekuwa lipi. Hungeuliza kama watu walicheza. Ungeuliza, "Uliweka nyuzi gani?"

Nakukumbuka katika lile duka la vyombo vya muziki mjini, umeweka kiondo chini, umefumba macho, unapitisha ukucha polepole juu ya kila uzi. Wauzaji walikuwa wakikonyezana. Mama wa duka la unga kutoka mtaa wa Munyaka anataka nini na besi? Siku moja muuzaji alichoka kukungoja akasema, "Mama, hizi zote ni sawa tu." Ukamjibu bila kufungua macho, "Kama ni sawa, mbona umezitundika mbalimbali?" Nilicheka mpaka nikatoka nje. Tangu siku hiyo alikuwa anakuletea kiti.

Siku zote ulichagua zilezile: nene, laini, zisizokwaruza kidole kikiteleza. Sauti yake nzito tuliisikia kifuani kabla ya masikioni. Zikichoka hukuzitupa. Ulizichemsha kwenye sufuria ili mafuta ya vidole yatoke, kisha ukazianika kwenye kamba ya nguo pamoja na sweta zetu. Jirani yetu Mama Achieng alichungulia jikoni akauliza, "Mama Nyambura, leo mnapika nini hapo?" Ukasema, "Supu ya besi. Lete bakuli."

Mimi, uliyenifundisha kupiga nyuma ya duka wakati hakuna wateja, nilipenda zile nyembamba za kukwaruza, zenye sauti kali. Nilikwambia zako ni za kizamani. Hukukasirika. Ulininyooshea mikono yako, vidole vimepasuka kwa maji baridi ya asubuhi na kupukuchua mahindi.

"Nyuzi kali zinanikata, Nyambura. Mimi nilichagua na hii mikono. Wewe utachagua na yako."

Halafu ukaongeza kwamba yangu ni mikono ya mtu anayekwepa kuosha sufuria.

Tulipokuzika, gitaa lilikaa nyuma ya magunia ya unga. Kwaya iliimba bila besi, na mvua juu ya mabati ikatushinda sauti. Ndipo Mzee Kamau, mwenyekiti wa kwaya, akaja dukani. Alisema kuna kijana wa mji wa Turbo anayejua besi vizuri, na ingefaa nimpe gitaa lako. "Wewe ni wa kuimba sauti ya kwanza, msichana wangu. Besi ilikuwa ya mama yako." Niliumia. Nilimwomba anisikie kwanza siku ya mavuno. Nikishindwa, nitampelekea kijana huyo gitaa mimi mwenyewe.

Nikaenda mjini. Yule muuzaji aliponiona alishusha zako moja kwa moja. "Za mama, si ndio?" Nilizishika kwa muda mrefu. Nilitaka sana watu wakusikie wewe Jumapili, wasahau kidogo kwamba umeenda. Nikafumba macho, nikapitisha ukucha, na mkono wangu ukakataa. Nikamrudishia, nikachukua zangu.

Mama, niliogopa. Noti ya kwanza ilipotoka kwenye gitaa, wazee waligeuza shingo wote pamoja. Ilikuwa kali, ilikuwa safi, na haikufanana na yako hata kidogo. Lakini wimbo wa pili haukuwa umefika katikati wakati Mama Achieng aliacha kiti chake akaanza kucheza pale mbele, na goti lake hilo bovu unalolijua. Wengine wakamfuata na mahindi yao mikononi.

Baada ya ibada Mzee Kamau alinijia.

"Hiyo si besi ya mama yako," akasema. Nikaanza kulivua gitaa begani. "Ngoja kwanza. Hiyo ni yako. Huyo kijana wa Turbo nitamwambia atafute gitaa lingine."

Nilijivuna, sitaficha. Nilitembea kutoka kanisani mpaka nyumbani na gitaa begani, bila kulifunika, ili Munyaka nzima ilione. Na nilijivunia wewe kuliko nafsi yangu, wewe uliyebeba besi wakati watu walisema ni chombo cha wanaume, ukawaacha waseme na ukaendelea kupiga.

Jana nilizichemsha zile nyuzi zako za mwisho nilizozitoa kwenye gitaa, nikazianika kwenye kamba ya nguo. Mama Achieng aliuliza tunapika nini, nami nikamjibu kama ulivyomjibu. Safari hii alileta bakuli kweli, tukacheka mpaka tukalia.

Sasa duka nalifungua mimi asubuhi, na maji ya hapa unayajua yalivyo baridi. Kidole changu cha shahada kimeanza kupasuka pembeni. Nyuzi zako nimezikunja vizuri, nimeziweka karibu.

Ni mimi binti yako,
mpiga besi