Laptopu Inaganda, Mtoto Anatolewa Nje

Shangazi Magreth, nisamehe kwanza kwa kuchelewa kukuandikia, tangu Ramadhani nasema leo naandika, leo naandika, mtoto akilala nami nalala, akiamka kuna nepi, kuna uji, kuna mama mkwe, na kusema kweli nilikuwa naona aibu, maana jambo lenyewe ukilisikia utadhani natania, ila sasa limefika pabaya na nimeshtuka mpaka maziwa yamepungua.

Mimi nimesoma hadi kidato cha pili, naishi Mikindani na mume wangu Hashimu, fundi wa injini za boti, pamoja na mama yake. Mtoto wetu ni wa kwanza, wa kike, ana miezi saba, anaitwa Mwanaisha, jina la marehemu mama yangu, na Hashimu mwenyewe ndiye aliyesema apewe hilo, mimi wala sikumwomba.

Hashimu ana laptopu na anacheza gemu ya mpira mtandaoni, anashindana na watu wa Dar, wa Tanga, mpaka wa ng'ambo ya Ruvuma huko Msumbiji, na kwa hilo simlaumu, afadhali nimwone sebuleni kuliko nimtafute. Vijana wa hapa wamemfanya nahodha. Sasa mimi nilijifungulia Mpapura kwa mama mdogo, nikarudi baada ya arobaini, na tangu siku ile niliyorudi laptopu ikaanza kuganda, mchezaji anakimbia na mpira, anasimama mguu mmoja juu, halafu unashtukia goli limeshaingia, na wale wapinzani wanamcheka kwenye spika, "Nahodha wa Mtwara, golikipa wako kalala? Mletee mto!"

Alihangaika, Shangazi. Laptopu ilikwenda kwa fundi mjini ikaongezwa memori, laini ya kwenye ruta ikabadilishwa, ruta, ambayo huiwasha akicheza tu, ikapandishwa juu ya kabati, laptopu ikawekewa feni, wapi. Mwisho ikaanza kuonekana kwamba nikitoka na mtoto kwenda kliniki au sokoni gemu inakwenda kama maji, nikirudi tu, hata viatu sijavua, inaganda.

Jumapili iliyopita baada ya adhuhuri naingia na mtoto mgongoni, nasikia Hashimu anapiga kelele, "Mtoe! Mtoe huyo nje, tunafungwa!" Nikaangalia chini kutafuta paka.

"Nani, paka?"

"Mtoto! Mtoe mtoto!"

Nikatoka, nikasimama ukutani kwa jirani juani, na kutoka ndani nikasikia, "Mnaona? Imekaa sawa!" na vijana wakashangilia.

Jioni mama mkwe akanikalisha. "Mwanangu, mimi sina ubaya na wewe. Jina la marehemu ni zito, mtoto hajaliweza, linamwangukia baba yake."

Nikasema, "Mama, kwani laptopu inajua jina la mtoto?"

Hashimu akadakia, "Si mimi ninayesema, laptopu yenyewe inaonyesha." Nikamwita Baba Mwanaisha kama ninavyomwita siku zote, nimwombe tuzungumze wawili, akanijibu bila kunitazama, "Usiniite hivyo. Niite Hashimu tu mpaka maulidi." Kumbe wameshapanga, siku ya maulidi ya mtaani mtoto asomewe dua na abadilishwe jina, aitwe Zuwena, na mbuzi keshafungwa uani, mimi nampita kila asubuhi nikidhani ni wa biashara.

Shangazi, mama yangu hana hata picha moja, ile iliyokuwepo iliibwa pamoja na simu stendi, ndiyo maana huyu mtoto nampiga picha na video kila siku, anacheka, anaoga, anakoroma, mpaka simu ikajaa nikiwa bado Mpapura, mdogo wangu Sudi akaitengeneza ziwe zinajihifadhi zenyewe mtandaoni, ila zipande kwa waifai tu zisinimalizie bando. Picha sina, kaburi liko mbali, jina ndilo nililobaki nalo, na sasa nalo linataka kuondoka.

Na kinachonitisha zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nimeanza kuamini. Mtoto hakubali kutoka na mtu mwingine, ananyonya bado, kwa hiyo kila akifukuzwa natoka naye, yeye mgongoni, simu kwenye pindo la kanga, na nikifika ukutani tu nasikia kwa masikio yangu gemu imetulia. Usiku namtazama alivyolala najiuliza, we mtoto una nini? Halafu naona haya kwamba nimejiuliza.

Ninachoomba unitumie ni hiki: maneno ya kumwambia Hashimu yasiyomtukana mama yake, jina la kitu kinachogandisha gemu, kama kipo, liandikwe wazi nimwonyeshe, na kama hakipo, nitumie ukweli, mwanangu ana kisirani au hana. Dua nimeshasoma, hiyo usitume.

Mama wa ukutani, Mikindani

SHANGAZI MAGRETH ANAJIBU

Mama Mwanaisha,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikatafuta kiti. Mtoto wa miezi saba anatolewa juani ili mtu mwenye ndevu asifungwe goli! Pole, mwanangu. Mwanao hana kisirani. Hilo umelipata, sasa futa machozi unisikilize.

Kinachogandisha gemu umekiandika mwenyewe bila kujua. Ni simu yako. Ukikanyaga kizingiti inashika waifai, na hata kama kioo kimezimika inaanza kupandisha video za mtoto anaoga. Waifai yenu ya laini ni mlango mwembamba. Gemu haihitaji kupitisha mzigo mkubwa, inahitaji kupita haraka kila sekunde, sasa simu inajaza mlango kwa magunia, gemu inasubiri nyuma, mchezaji anabaki mguu juu. Ukienda ukutani kwa jirani simu inapoteza waifai, mlango unafunguka, vijana wanashangilia. Na picha haziishi kupanda kwa sababu kila zikianza mnafukuzwa!

Mmempima mtoto akiwa amefungwa pamoja na simu, mkamhukumu mtoto. Nyumba nzima, na fundi wa injini yumo ndani! Mwulize Hashimu: boti ikizimika baharini, anafungua plagi au anambadilishia nahodha jina?

Nawe nakukaripia, kwa upendo lakini nakukaripia. Siku ya kwanza uliyoambiwa umtoe, ungekaa chini hapo hapo kwenye mkeka ukamnyonyesha. Ulitoka kimya, kimya chako wakakiona ni kukubali. Mama mkwe usigombane naye. Mwambie, "Mama, tumwite mwalimu wa madrasa, tumwulize kama jina la marehemu linamdhuru mtu." Mimi si wa kuwasemea dini yenu, yeye ndiye wa kujibu, na ajibu mbele yenu wote kabla ya maulidi.

Sasa kazi. Kabla ya mechi zima simu yako kabisa, si kioo tu. Mtoto akae mapajani kwa baba yake, Hashimu acheze. Halafu washa simu, waifai iwe wazi, iache juu ya meza, wewe na mtoto mwende ukutani, na hiyo iwe mara ya mwisho kuusimamia ukuta ule. Aone mwenyewe kinachogandisha gemu wakati mtoto hayupo. Baada ya hapo, picha zako usifute hata moja. Hashimu aiache ruta imewashwa asubuhi akienda kazini, simu ipandishe, siku kadhaa mfululizo, mpaka mzigo wa nyuma uishe, na saa za mechi uzime huko kujihifadhi. Yeye naye aangalie laptopu yake, maana nazo hujishushia masasisho kimyakimya katikati ya mchezo, aahirishe hayo, na ruta aiunganishe na laptopu kwa waya. Feni ampe mtoto.

Lakini sikiliza vizuri, hapa ndipo nilipoogopa kuliko pote. Usikubali jaribio hili liwe kesi ya jina. Ukiwaambia "gemu ikitulia jina libaki", umekubali kwamba ikiganda jina liondoke, na itaganda tu, mwanangu, mvua itanyesha, umeme utayumba, laini itazidiwa na watu, na kila mara watamgeukia huyu mtoto. Kwa hiyo kabla simu haijazimwa, laptopu haijafunguliwa, mkwe wako akiwa amekaa hapo, sema hivi kwa sauti ya kawaida: "Baba Mwanaisha, mwanao anaitwa Mwanaisha, ulimpa jina wewe. Leo tunaipima simu."

Akikataa kuitikia, mwite tena hivyo hivyo, na mtoto mweke mapajani mwake.