Chupa ya Mwisho ya Achari Yako

Mama,

Jumapili tulikusomea misa ya arobaini. Ndugu walitoka Mahenge na Lupiro, nyumba yetu ya Lipangalala ikajaa mpaka uani. Stela naye alikuja. Unamjua kitinda mimba wako. Siku ya mazishi barabara ilikatika kwa maji akiwa njiani kutoka Dar, akafika tumeshakuzika. Tangu hapo hajatulia.

Alipomaliza kuwaamkia wazee akaniuliza kama achari yako ya embe ilibaki. Ilibaki chupa moja, ile uliyoifunga mwenyewe kabla ugonjwa haujakulaza. Nilikuwa nimeificha, hata Baba sikumwambia. Tukakubaliana iliwe siku hiyo, kila mtu kidogo, na wali wa shamba lako.

Nilipofungua kifuniko nikaona mdomo wa chupa umemeguka, na ufa mwembamba umeshuka mpaka begani. Kipande chenyewe nilikitafuta, sikukiona. Wiki ile ya msiba majirani walihamisha vyombo vyote vya jikoni kupisha masufuria makubwa, sasa nani ajue iligongwa wapi. Walikuja kutupikia na kulia na sisi, siwezi kuwalaumu.

Nikakuona na chupa zako za kioo. Ulizipasha kwa maji ya vuguvugu kabla ya kumimina cha moto, hukuzitua kwenye saruji baridi bila kitambaa, na kila mdomo uliupapasa kwa kidole. Baba alikutania kwamba chupa hizo umezitolea mahari. Ulipenda kioo kwa sababu hakishiki harufu wala hakigombani na siki. Lakini ulisema, "Chupa ikishapata ufa usibishane nayo. Mwaga."

Baba akasema, "Ichuje kwa kitambaa, mwanangu, tule." Stela alinishika mkono. "Dada, kijiko kimoja tu. Mimi sikumuaga."

Mama, hapo nilikukasirikia. Kwa nini ulinifundisha vizuri hivyo? Chembe ya kioo kitambaa hakiioni, na tumbo halina macho. Nilichukua jembe, nikachimba nyuma ya jiko, nikamwaga yote na chupa nikaifukia humo humo. Harufu ya bizari ilipopanda, nilikaa pale pale kwenye udongo. Nililia kuliko siku ya mazishi, maana siku ile walikuzika watu, na hii nilikuzika mwenyewe.

Stela aliondoka Jumatatu bila kuniaga. Simu zangu hapokei.

Lala salama, Mama. Embe zikikomaa nitapika, nitampelekea Stela mpaka mlangoni kwake, hata kama bado amenuna. Haitafikia yako, najua, na ataniambia hivyo. Aseme tu. Hakuna mwanao atakayemeza kioo kutoka mkononi mwangu.

Mwanao wa kwanza,
Agripina