Senene Walionyonyolewa Tayari

Jumamosi, saa kumi jioni. Bukoba mvua inanyesha tangu asubuhi, na mimi nimenuna tangu jana.

Nimenuna kwa sababu ya senene, wale panzi wa msimu tunaowakaanga na kuwala. Haya, cheka.

Jana mume wangu, Baba Koku, alirudi kutoka kazini na kopo la senene. Wamenyonyolewa, wamekaangwa, wana chumvi na kila kitu. Akaliweka mezani akasema, "Mama Koku waitu, mwaka huu nimekupunguzia kazi." Kisha akakaa na simu yake. Nikasema ahsante, nikaingia jikoni kupangua masufuria yaliyokuwa yamepangwa vizuri tu.

Mwanaume wa watu hakukosea kitu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nimeolewa miaka kumi na tisa. Msimu wangu wa kwanza, kwao Rubya, tuliweka beseni katikati tukanyonyoa mbawa na miguu, mimi na yeye, mpaka vidole vikawa vya kijani. Kwa mila za zamani mke huandaa senene, mume hula, mke hupewa nguo mpya kama shukrani. Mke mwenyewe kuwala, hapana. Mama mkwe alikuwa mtu wa zamani. Baba Koku akachota konzi ya kwanza, akanipa mimi, mbele ya mama yake. Mama alibeba kiti chake akaenda kukaa nje. Siku ile ndipo nilipojua nimeolewa.

Tangu hapo kila msimu ni beseni moja, watu wawili. Hapo ndipo aliponiambia anaogopa kufanana na baba yake. Hapo ndipo nilipomwambia mimba ya pili imetoka, kabla hata mama yangu hajajua. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka.

Sasa binti yetu yuko bweni, nyumba ina watu wawili na televisheni. Maongezi yetu ni gesi imeisha, umefunga geti? Nilijiambia msimu ukifika, senene wakianguka, tutaongea. Akaleta walionyonyolewa.

Nimepanga begi. Nimemwambia naenda Buganguzi kwa mama yangu, kumsaidia shambani wiki moja. Akasema, "Sawa, msalimie." Hakuuliza kwa nini begi ni lile kubwa.

Mimi mwenyewe sijui kama nitarudi baada ya wiki.

Nilitaka kuandika hapa kwamba amenichoka, nifunge ukurasa. Ingekuwa rahisi. Lakini nimekumbuka kitu na kimeniharibia hasira yangu. Msimu uliopita, katikati ya kunyonyoa, nililalamika. Nilisema vidole vinauma, kazi gani hii ya kijinga, wenzangu wananunuliwa walio tayari.

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.

Alisikia. Akalibeba neno langu mwaka mzima, mimi nikiwa nalia kimoyomoyo kwamba hanisikilizi.

Sijawahi kumwambia kwamba sikuhitaji senene wala nguo, nilihitaji kukaa naye. Sentensi fupi hivyo. Nilidhani anaijua, na yeye labda ana yake anayodhani naijua.

Yupo sebuleni, anatazama mpira. Gari la Muleba, la kunipeleka kwa mama, linaondoka kesho asubuhi. Nina jioni moja ya kuisema sentensi ile, na tayari naona aibu kama msichana aliyechumbiwa jana.