Maji ya Bluu Uliyoyatetea Peke Yako

Papa Kazadi,

Hii ni wiki ya tatu tangu tukuzike, na meza yako ya labo, iliyokaa tupu miezi yote hii, wamenipa mimi. Koti lako jeupe bado limetundikwa msumarini. Sijathubutu kuligusa. Nakuandikia kwa sababu jana nilikwenda mtaa wa Kikula kumjulia hali mke wako, Mama Tshala, nikarudi na hasira, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Unakumbuka nilivyokuwa nakariri majina ya chumvi, ukanifungia daftari? "Mwana, acha kukariri. Chumvi yote iko na baba na mama, acide na base. Uliza nani iko na nguvu." Chumvi ya jikoni, wazazi wote wawili wana nguvu, hakuna anayemshinda mwenzake, basi maji yake hayaegemei popote. Soda ya kufulia, besi ndiyo yenye nguvu, na maji yanakuwa ya besi. Sulfate ya shaba, asidi ndiyo inayotawala. Nilikuwa nakujibu huku nakula karanga zako, nawe unacheka.

Halafu ikaja siku ya mtihani wangu wa kupandishwa cheo. Mkurugenzi mpya, na abacost yake, ile suti isiyo na tai, na beji ya chama kifuani, akainua chupa ya sulfate ya shaba, yale maji ya bluu. Akaniuliza maji yake yanaegemea wapi, na kabla sijafungua mdomo akajijibu: "Sel ni sel, chumvi ni chumvi, citoyenne. Iko neutre, haiegemei popote, ao hapana?"

Nilijua jibu. Papa, nililijua kama jina langu. Nikasema, "Ndiyo, Citoyen Directeur."

Wewe ukachovya humo karatasi ya tournesol, ya kupimia asidi, mbele ya labo nzima. Ikageuka nyekundu. Asidi, hakuna ubishi. Mkurugenzi akacheka, akanisainia cheo. Mwisho wa mwezi akakufukuza kwa barua ya mistari miwili, na nyumba ya kazi ikaenda, na kadi ya hospitali ikaenda, ukabaki na kile kikohozi chako katika chumba kimoja Kikula.

Miezi yote hiyo nilidhani nyumbani kwako wanajua ukweli. Jana Mama Tshala alinimiminia chai, akasema bila hata kulia: "Directeur alinielezea, Papa alikosea mu mutihani. Nilimugombezaka kila siku. Nilimuambia, weye, juu ya ujinga yako batoto banalala chini. Hakunijibu."

Hukumjibu! Ungefungua mdomo tu, ungelazimika kunitaja. Ukakubali kuitwa mjinga na mke wako hadi unakata roho, ili mimi nisipoteze kazi. Nani alikuomba? Nakukasirikia, Papa. Nakukasirikia na nakulilia. Na mimi nikainywa ile chai yote, nikaaga, nikaondoka. Nimenyamaza mara ya pili.

Jumapili, baada ya misa, narudi. Nitaketi mbele ya Mama Tshala na watoto wako wote, niwaambie nani alisema uongo siku ile. Akinifukuza, nitatoka. Habari ikimfikia mkurugenzi, basi, na meza hii aichukue.

Pumzika, Papa wangu. Mke wako amekuzika akiamini ulikosea. Sitamwacha azeeke akiamini hivyo.

Mwanafunzi wako,
Ngoie