Tajiri wa Tumbaku

Delhi, 9 Agosti 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote na goti la Mama limepata nafuu. Mimi mzima, ila joto la huku linanimaliza.

Nimepita mtihani wa mchujo! Umebaki ule mkubwa wa Novemba, halafu usaili. Mwakani umri hautaniruhusu tena, kwa hiyo nikianguka safari hii, utumishi wa serikali nitausikia redioni.

Mara tatu nilichukua elimu ya wanyama, mara tatu wanyama wakanitupa. Sasa nimechagua Kimalayalam na fasihi yake. Nilijisemea, lugha yangu mwenyewe itanishinda nini? Baba, inanishinda. Kuna mashairi ya miaka mia sita nayasoma kama mwandiko wa daktari. Na huku sina wa kunisahihishia majibu ya mazoezi. Nifanyeje?

Binti yako,
Sumangala

Kannur, 22 Agosti 1996

Mwanangu Sumangala,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la mama yako limepona siku ileile aliyosikia umepita. Amekwenda hekaluni kwa miguu mara tatu.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini miaka thelathini na moja nimekaa chini nasokota biri, zile sigara za majani, huku mwenzetu Chathukutti akitusomea kwa sauti, asubuhi magazeti, mchana vitabu, nasi tukimsokotea fungu lake asikose ujira. Hayo mashairi yako tumeyasikia mpaka tumeyachoka. Lete majibu, ayasome mbele ya watu arobaini. Kipimo chetu unakijua: maandishi yakiwa mazuri kweli, mikono husahau kazi.

Baba yako

Kannur, 18 Septemba 1996

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tu wazima.

Majibu yako yamesomwa. Mikono haikusimama. Kwa kweli tulichapa kazi kuliko siku zote, na msimamizi anaomba ulete mengine.

Kuhusu jibu la nyimbo za wapanda mpunga, Mzee Pokkan wa hapa kazini amechukia. "Kataja maprofesa saba, mpandaji hata mmoja! Hajui nyimbo hizo huimbwa mgongo ukiuma? Mamake kaziimba matopeni, yeye yumo tumboni!" Chathukutti naye anasema sentensi yako ya pili ilimkata pumzi, wala si kwa uzuri.

Usilie. Andika tena.

Baba yako

Delhi, 2 Oktoba 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Bahashani mna jibu jipya la kusomwa, lakini barua hii ni yako peke yako.

Kuna jambo limenikaa kooni. Wenzangu huku ni watoto wa majaji na mainjinia. Waliponiuliza kazi yako, nikasema wewe ni mfanyabiashara wa tumbaku. Sasa wananiheshimu, nami najichukia. Nisamehe, Baba.

Binti yako,
Sumangala

Kannur, 15 Oktoba 1996

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Huku tumo.

Chathukutti alifungua bahasha kama kawaida, akaanza na karatasi ya juu. Nilipotambua ni ipi, alikuwa ameshafika kwenye "tumbaku", na sauti yake unaijua. Watu walicheka mpaka majani yakapeperuka. Tangu hapo mimi ni Tajiri. "Tajiri, nipitishie mkasi." "Tajiri, gari umeegesha wapi?" Hata mama yako asubuhi: "Uji wa Tajiri tayari."

Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani sikucheka. Iliniuma, mwanangu, sikufichi.

Jibu lenyewe lilikuwa zuri. Pokkan aliacha kusokota kidogo, ila anadai alikuwa anajikuna.

Baba yako

Delhi, 28 Aprili 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Miezi sita sijakuandikia. Kila niliposhika kalamu, nilimwona Chathukutti akifungua kinywa.

Nilipita ule wa Novemba. Nyimbo za mpunga zilitoka! Niliandika mgongo wa Mama, na profesa mmoja tu, kwa adabu.

Jana nilikuwa kwenye usaili. Mwenyekiti akaniuliza, "Umesomea wanyama. Fasihi alikufundisha nani?" Wenzangu walikuwa wamenikaririsha jibu la maana. Likanitoka kichwani. Nikasema, "Baba yangu, mheshimiwa. Ni msokota biri. Yeye na wenzake arobaini, na hawakunipa alama ya bure hata moja."

Mmoja akatabasamu. "Wasokota biri wanajua nini kuhusu fasihi?"

"Wameisikiliza miaka thelathini, mheshimiwa. Na isipowapendeza, hawapigi makofi ya adabu."

Sijui kama nimefaulu. Ila barua hii mpe Chathukutti aisome yote, kwa sauti.

Binti yako,
Sumangala

Kannur, 12 Juni 1997

Mwanangu Sumangala,

Marahaba, tena marahaba. Mama yako hajambo, goti limeanza tena kwa kucheza ngoma.

Barua yako ya Aprili ilifika mapema Mei. Nilitembea nayo kifuani mwezi mzima, sikumpa Chathukutti. Niliona haya. Jana telegramu ilipokuja kuwa umefaulu, nikampa zote mbili.

Aliposoma telegramu, walipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Kisha akasoma barua. Alipofika kwa mwenyekiti, nikaona mkasi wa jirani yangu umetulia, halafu wa pili yake, mpaka chumba kizima hakikuwa na mlio. Msimamizi alikuja kugomba, akaishia kukaa sakafuni nasi. Pokkan safari hii hakujikuna. Alifuta macho kwa ncha ya shuka yake, akanigeukia.

"Tajiri," akasema, "mwambie Chathukutti aanze tena, tangu juu."

Baba yako